Dini Iliyotoka Kinywani Mwangu

Mlionifuata wiki zilizopita mnajua tulipofika. Mnajua nilivyoolewa Diani na Makame, mkalimani wa yule mama wa Kizungu aliyeitwa Bibi Adela. Mnajua nilivyojifungua binti, Mbeyu, masika ya mwisho kabla ya Uhuru, nikashikwa na homa ya uzazi hata akili zikanipotea. Nilipozinduka niliambiwa mwanangu ameshazikwa. Arubaini haijaisha, talaka ikanifuata kitandani, nikarudishwa kwetu Jego kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Leo nawaeleza nilivyojua mwanangu alikufaje. Mwenye moyo mwepesi na aligeuze gazeti, asome habari za mpira.

Ilianza kwa mgeni. Kaka yangu Seifu alimpangisha chumba mwalimu mmoja aliyeletwa kufundisha shule ya Jego, Mgiriama wa Kaloleni, jina lake Charo. Alikuwa mtu mpole, hali sana, hasemi sana. Kila nilipomwandalia chakula alifumba macho akanong'ona kitu. Sisi tulidhani ni sala ya Kikristo, tukamwacha na Mungu wake.

Siku hiyo, adhuhuri, nilimkaribia zaidi ya kawaida kwa kuwa bakuli la mchuzi lilikuwa la moto. Nikamsikia.

"Mlango umefungwa, na Mtoto yuko nje. Chemchemi zimejaa, wala hapana anywaye. Kiu yangu ndiyo njia yangu."

Bakuli likaniponyoka. Mchuzi wote ukamwagika mkekani.

"Dada Mwanasiti! Umeungua?"

"Maneno hayo umeyatoa wapi?"

Alifurahi. Naapa alifurahi, kama mtu aliyengoja siku nyingi aulizwe.

"Ni maneno ya Sauti," akasema. "Mimi ni wa Udugu wa Mlango. Usiogope, dada, si dini. Wamo Waislamu, wamo Wakristo, wamo Wahindi na Wazungu. Tuna nyumba Nairobi, tuna nyumba London. Juzi imefunguliwa nyingine Dar es Salaam."

"Na huyo Sauti ni nani?"

"Alikuwa mwanamwali wa pwani hii hii, hana mume wala mtoto. Alishukiwa na maneno Diani, kwa Bibi Adela, akiwa kati ya uhai na mauti. Alipotamka neno la mwisho, akavuka."

"Akavuka kwenda wapi?"

"Alikufa, dada."

Basi nikakaa chini, pale pale kwenye mchuzi.

Msomaji, katika homa ile nakumbuka mambo mawili tu. La kwanza ni kiu. La pili ni matiti yangu, yalivyojaa maziwa hata yakaniuma kama majipu. Nililia kwa Kidigo, lugha ya mamangu, kwa kuwa mtu akiugua hivyo hana lugha nyingine. Chumbani mle aliyejua Kidigo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mume wangu.

Chemchemi zimejaa, wala hapana anywaye!

"Yamekusaidia nini maneno hayo, Mwalimu?" nikamwuliza.

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa mlevi. Nilimpiga mke wangu mpaka akanikimbia na watoto. Siku niliyoyasikia maneno haya niliweka chupa chini, na sijaiokota tena. Usiyacheke, nakuomba."

Sikuyacheka. Nilimwuliza Diani huwa wanakutana lini.

"Jumamosi kuna mkutano mkubwa. Watakuja watu kutoka Nairobi, hata wakubwa wa serikali. Twaambiwa kuna jambo jipya."

"Nichukue nami."

Kaka yangu Seifu alipopata habari alikuja juu. "Utakwenda kumwambia nini Makame? Amekuacha, basi. Una heshima yako hapa."

"Sina la kumwambia. Nina la kumwuliza."

* * *

Diani sikuitambua. Nyumba ya Bibi Adela, iliyokuwa na bustani na mbwa wawili, sasa ilikuwa imeota mabanda kila upande. Magari yalijaa mpaka barabarani. Niliona wanaume wa suti, mabibi wa Kizungu waliovaa kofia za ukindu, Wahindi na wake zao, makarani, wauguzi. Wote miguu mitupu. Juu ya geti palichorwa mlango wa buluu, na mtoto amekaa mbele yake.

Charo alivua viatu akaanza kulia kwa furaha. Akanieleza, huku akijifuta machozi, kuwa Bibi Adela alirudi kwao ulipokuja Uhuru, akamwachia nyumba yule aliyeyasikia maneno kwanza, Mlinzi wa Mlango.

"Yule pale," akanionyesha.

Alikuwa Makame. Joho jeupe mpaka kwenye vifundo vya miguu, na shingoni utepe wa buluu wenye ufunguo. Alinenepa. Alikuwa akizungumza na Mzungu kwa Kiingereza, akamgeukia mzee mmoja kwa Kiswahili, akarudi tena kwa Mzungu, ulimi haugongi mahali.

Aliponiona hakushtuka kama nilivyotaka ashtuke. Alipangusa midomo, kama mkalimani anayetafuta neno. Kisha akawaomba wageni radhi, akaja.

"Tupite nyuma, Mwanasiti."

"Hata salamu, Makame?"

"Asalaam aleikum."

"Sikuja kwa amani, basi siitikii."

Akanipeleka ua wa jikoni, mahali ambapo zamani nilikuwa nikipara samaki wa Bibi Adela. Palikuwa na mtungi wa maji na kinu, na moshi wa kuni.

"Wataka nini?" akauliza.

"Mbeyu alikufa kwa nini?"

"Homa. Ulishaambiwa."

"Aliipatia wapi homa, nami ndiye niliyekuwa nayo? Nilipokuwa nikisema maneno yale, mtoto alikuwa wapi?"

Akatazama mlango wa jikoni. Akatazama mikono yake.

"Makame. Nilisema mtoto yuko nje. Alikuwa wapi?"

"Nje," akasema.

Hapo ndipo nilipotaka anidanganye. Miaka yote nilichukia uongo wake, na siku hiyo ningeupokea kwa mikono miwili.

"Alikuwa na mamangu, barazani," akaendelea, na sauti yake ilishuka. "Alikulilia wewe. Bibi Adela alisema pepo mkubwa anasema kinywani mwako, tukimwingiza mtoto au maji, atakatika. Alifunga mlango mwenyewe."

"Nawe ulimwambia ninasema nini?"

"Mwanzo nilimwambia sawasawa. Anataka maji. Anataka mtoto anyonye. Alikunja uso, Mwanasiti. Aliniambia sijui kazi yangu, nisikilize vizuri. Nikasikiliza vizuri. Nikamwambia: kuna Mtoto anayengoja nje ya Mlango, na mwenye sikio na amfungulie. Bibi Adela alilia machozi. Akanishika mkono. Nilikaa na Wazungu tangu utoto, hapana aliyepata kunishika mkono."

"Kwa hiyo hukukosea maana."

"Sikukosea. Nilielewa kila neno."

"Na mwanangu akaliaje?"

"Alilia mpaka akachoka. Kulipokucha alikuwa kimya. Mama alidhani amelala."

Nilimpiga kofi. Halikumwuma, naamini, maana alilipokea kama mtu anayepokea barua aliyoingojea. Mkono ndio ulioniuma mimi.

"Sasa nisikilize," akasema. "Watu hawa wanajua umekufa. Wapo walioacha pombe, wapo waliokuwa na kamba shingoni wakaivua. Ukiwaambia hayo, utawafufulia nani? Mbeyu? Nitakujengea nyumba Jego. Nitakupeleka Maka. Ondoka tu kwa mlango wa nyuma."

Kabla sijamjibu nilisikia kilio. Kilio cha mtoto mchanga mwenye njaa, kile kinachokatika katikati kwa kuwa pumzi imeisha.

Bibi mmoja mzee alitokea pembeni ya nyumba, anatembea mbio mbio bila pa kwenda, mtoto kifuani. Nguo zake za kibara, uso umekauka kwa kukesha.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Huna maziwa wewe? Nakuomba. Hata kidogo."

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wa binti yangu, Kanze. Mke wa bwana huyu." Akamwonyesha Makame kwa kidevu, kwa hofu. "Mimi ni Kache, nimetoka Kinango kuja kumwogesha mzazi. Homa imemshika. Wamemfungia ndani wanasikiliza maneno yake. Wanasema ni Sauti ya pili. Maji hawampi, eti akinywa itakatika. Na huyu hawamwingizi. Mimi ni mtu wa bara, sijui mambo ya wakubwa hawa."

Nilimgeukia Makame.

Hakunitazama. "Yeye mwenyewe alitaka," akasema. "Muulize."

Msomaji, sikumwuliza. Niliukamata utepe wa shingo yake nikauvuta kwa nguvu zangu zote, ukakatika. Yeye alishika joho lake lisifunuke, nami nilishika ufunguo. Nikachota maji mtungini kwa kata, kata moja tu, nikakimbia.

"Nifuate, mama!" nikamwita Kache.

Barazani watu walikuwa wamekaa kimya chini ya madirisha yaliyopigwa mbao. Charo alikuwa miongoni mwao, sikio ukutani. Niliruka miguu ya watu. Nikasikia mtu akiuliza, "Nani huyu?" Nikatia ufunguo kwenye mlango wa chumba nilichougulia, ukazunguka.

Ndani palinuka jasho na ubani. Kanze alikuwa msichana tu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na kifuani nguo imelowa maziwa mpaka tumboni. Nilimwinua kichwa. Alikunywa kama mtu anayezama, maji yote, nikamsikia akilamba ukingo wa kata. Kache alimweka mtoto kifuani mwa mamake, na yule mtoto akashika titi mara ya kwanza, akanyamaza.

Sijui nilikuwa nikilia tangu lini.

"Nenda kalete maji mengine," nikamwambia Kache. "Na uji. Upesi, mama."

Akatoka mbio.

Kanze akafumbua macho.

"Wewe nani?"

"Ni yule aliyelala hapa kabla yako, mwanangu. Jina langu Mwanasiti. Usiogope. Yameisha."

"Sauti?"

"Mwanamke tu. Nilikuwa naomba maji."

Nilingoja ashukuru. Nasema kweli, nilingoja. Nilidhani nimefika pale ili atoke mtu mmoja hai katika chumba kile, na mtu huyo atanishika mkono.

Uso wake ukajikunja kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Kwa nini umeninywesha?" akasema. "Nilikuwa nimekaribia."

"Kukaribia wapi?"

"Kukufikia wewe."

Akamchomoa mtoto kwenye titi, akanisukumia mimi. "Mchukue. Mtoe nje. Mtoto hukaa nje." Mtoto akaanza kulia upya mikononi mwangu, maziwa bado midomoni.

Nilipogeuka, mlango ulikuwa umejaa watu. Mbele yao amesimama Makame, amelitengeneza joho lake. Nyuma yake nyuso za Nairobi na za Ulaya, na uso wa Charo.

Hasira ilinipanda, na lugha zote zikanitoka nikabaki na ile niliyozaliwa nayo. Nilimpigia kelele kwa Kidigo. Nilimwita muuaji. Nilisema mwanangu alikufa nje ya mlango huu huu, akilia, na babake akisikia, na akakifanya kilio changu kuwa wimbo wa kuwalia wageni fedha na heshima.

Makame alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia watu, akainua mkono, na kwa sauti ile tamu iliyomlisha tangu ujana akasema:

"Ndugu zangu, Sauti imerudi. Anasema: Mtoto alikuwa nje, na leo ameingia."

Akairudia kwa Kiingereza. Bibi mmoja wa Kizungu akapiga kelele akaanguka kifudifudi.

"Muongo!" nikasema, sasa kwa Kiswahili. "Muongo huyu! Sikusema hivyo!" Lakini walikuwa wamekwisha kuanza. Mlango umefungwa, na Mtoto yuko nje. Wote kwa pamoja, wa barazani na wa bustanini, mpaka sauti yangu nikawa siisikii mwenyewe.

Nikamtafuta Charo kwa macho. Mgiriama na Mdigo hawahitaji mkalimani. Alikuwa amelisikia kila neno langu, nami niliona usoni mwake kuwa amelielewa. Alikuwa mweupe kama majivu. Mwalimu yule alikula chakula changu kwa mwaka mzima. Neno lake moja lingetosha.

"Charo," nikamwita. "Mwalimu. Waambie."

Alifungua mdomo. Akanitazama mimi, akamtazama Makame, akautazama ule umati uliokuwa umemtoa ulevini.

Kisha akapiga magoti.

Nilijua hapo kuwa hapana wa kunisaidia. Nilimkumbatia mtoto nikapiga hatua nitoke katikati yao kwa nguvu. Hawakunipiga. Laiti wangenipiga. Walinirudisha kwa upole, viganja laini kifuani na mabegani, wengine wakibusu ncha ya leso yangu, mpaka mgongo wangu ukagusa kitanda cha Kanze. Mbali, upande wa jikoni, nilimsikia Kache akilia, "Nipisheni! Nina maji, nipisheni!" na hapana aliyempisha.

Ufunguo nilikuwa nimeuacha kitasani.

Mlango ukavutwa. Nikausikia ufunguo ukizunguka.

Giza la mchana likatushukia sote watatu. Mtoto alikuwa akilia. Kanze, homa imempanda tena, alikuwa ameanza kutweta na kuuma midomo. "Kiu," akasema, na safari hii hakusema kama Sauti, alisema kama binti ya mtu. "Mama, nina kiu."

Nikapapasa sakafuni nikaipata kata. Kavu.

Nikajikokota mpaka mlangoni nikapiga kwa ngumi zote mbili. Nikavuta pumzi nipige kelele waniletee maji.

Na kwa nje, karibu kabisa na ubao, nikamsikia Makame akiwaambia watu:

"Nyamazeni. Anaanza."